‘Babu wa Uingereza’ ni babu yupi? Viza, nasaba na mtego wa ‘-a’ unganifu

JUMAMOSI moja mwezi uliopita, nikiwa nyumbani kwangu viungani mwa mji wa Kakamega, nilibishiwa hodi na wageni watatu: mzee mmoja, mkewe na mwana wao niliyemfundisha Kiswahili miaka kadhaa iliyopita. Kijana alikuwa amekumbatia bahasha ya kaki. Nilidhani nimeletewa kadi ya harusi. Kumbe!

“Mwalimu,” mzee alianza baada ya chai, “wewe ni mtu wa lugha. Hebu tusomee hii karatasi utuambie kama tumeielewa vizuri. Tuko karibu kukodisha shamba la miwa.”

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi: “Viza ya asili. Nafasi kwa Wakenya ambao mababu zao ni wa Uingereza. Miaka mitano. Kazi yoyote.” Chini yake paliandikwa ada ya ajenti. Nusu ilikuwa imeshalipwa. Nusu iliyobaki ndiyo iliyolisubiri shamba.

Nikauliza, kwa heshima, ni nani katika ukoo wao aliyekuwa wa Uingereza. Mzee akatoa picha iliyochakaa pembe. Kijana mwembamba, kofia ya jeshi, bunduki begani.

“Marehemu baba yangu. Alikuwa askari wa Uingereza, wa Keya. Alipigana Burma.”

“Si ndio babu yangu, Mwalimu?” kijana akadakia. “Ajenti amesema hiyo inatosha kabisa.”

Maskini ya Mungu! Familia hii haikuwa imekosa kuelewa Kiswahili. Ilikuwa imekielewa sawasawa. Tatizo ni kwamba Kiswahili cha karatasi ile kiliacha mlango wazi, na aliyeupitia mlango huo ni mwenye kutafuta pesa.

Tuanze na kijineno ‘-a’ kinachounganisha nomino mbili. Wanafunzi hufundishwa kwamba kinaonyesha umiliki: kitabu cha Juma. Lakini kazi zake ni nyingi. ‘Picha ya mwalimu’ ni picha ipi? Anayoimiliki mwalimu, aliyoipiga mwalimu, au inayomwonyesha mwalimu? Zote tatu ni sahihi. Vivyo hivyo, ‘askari wa Uingereza’ anaweza kuwa mzaliwa wa Uingereza, raia wa Uingereza, au kijana wa Butere aliyeandikishwa kuipigania Uingereza. Katika mazungumzo ya kila siku, muktadha hutuokoa. Katika hati ya uhamiaji, muktadha haupo na hakuna wa kuulizwa.

Sasa, kanuni za Uingereza zinasemaje? Kibali kinachozungumziwa kipo kweli, wala si uzushi. Anayekiomba sharti awe raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na Kenya imo. Awe na umri wa miaka 17 au zaidi, awe na uwezo na nia ya kufanya kazi huko, na aweze kujikimu bila kutegemea misaada ya serikali yao. Aombe akiwa nje ya Uingereza. Hahitaji kuwa ameahidiwa kazi na mwajiri yeyote, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Akipewa, hukaa miaka 5, na baadaye anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Lakini kuna sharti moja ambalo ndilo roho ya kibali chenyewe: angalau mmoja wa babu au nyanya zake wanne awe ALIZALIWA Uingereza, au katika Visiwa vya Channel, au Kisiwa cha Man, au awe alizaliwa kabla ya 31 Machi 1922 katika eneo ambalo leo ni Jamhuri ya Ireland. Kanuni hazimuulizi babu alimtumikia nani wala alivaa sare ya nani. Babu wa kijana wangu alizaliwa huku kwetu.

Neno la Kiingereza linalotajwa katika jina la kibali hicho lenyewe lina ukarimu wa uongo. Humfanya mtu adhani anaweza kupanda mti wa ukoo hadi kileleni. Ajenti naye akalifasiri kwa ‘asili’ na ‘mababu’. Hapo akazidisha ukungu.

‘Asili’ ni chanzo, mwanzo, chimbuko. Mtu anaweza kusema asili yake ni Uganda kwa sababu ukoo wake ulitoka huko karne zilizopita. Kanuni hazijali karne. ‘Mababu’ nako ni wingi wenye hila: ‘babu’ ni baba wa mzazi wako, lakini ‘mababu’ ni wahenga wote, hata wale ambao majina yao yamesahaulika. Ukiandika ‘mababu’ umefungua vizazi 10 mahali ambapo sheria inahesabu viwili tu.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao mfasiri mwaminifu angeutumia. Sisi tuna mjukuu, kisha kitukuu, kisha kilembwe, kila ngazi na neno lake. Kibali hiki ni cha mjukuu. Kitukuu, hata akiwa na cheti cha kuzaliwa cha baba wa babu yake kilichotolewa London, hana njia hapa.

Isitoshe, ‘babu’ kwetu ni neno pana. Huku Magharibi tunasema ‘kuka’, na kaka zake kuka nao ni kuka. Mume wa pili wa nyanya naye huitwa babu, na adabu inadai hivyo. Kanuni za uhamiaji hazina adabu hiyo. Baba wa kambo wa mzazi wako hahesabiwi. Aliyemwasili mzazi wako kisheria huhesabiwa. Vilevile haijalishi kama babu na nyanya walifunga ndoa au la. Jambo hili si dogo katika mji uliovamiwa na watafuta dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ambao hadi leo una mtaa uitwao Rosterman, jina la mgodi. Iwapo mchimbaji mzaliwa wa Uingereza alizaa hapa, mjukuu wake ana hoja, mradi awe na vyeti vya kuunganisha kizazi na kizazi.

Vyeti! Hapo ndipo mila mbili zinapokutana. Sisi huhifadhi nasaba kinywani: mjukuu hupewa jina la babu aliyefariki ili jina lisipotee. Afisa wa viza hawezi kupiga muhuri juu ya jina lililorithiwa. Anataka cheti cha kuzaliwa cha babu, cha mzazi, na cha mwombaji, pamoja na vyeti vya ndoa pale majina yalipobadilika.

Na anayetafsiri vyeti hivyo aangalie neno ‘bibi’. Mtanzania akisema ‘bibi yangu alizaliwa Leeds’ anamaanisha mama wa mzazi wake. Mkenya wengi humsikia akimtaja mke. Andika ‘nyanya’, na ikibidi ongeza ‘mama mzazi wa baba yangu’. Urefu huo si aibu.

Huenda msomaji akauliza kigezo hiki cha babu kilitoka wapi. Historia yake inapita papa hapa Kenya. Baada ya serikali yetu kutunga sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, wakazi wengi wa Kenya wenye asili ya Kihindi waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuhamia huko. Bunge la Uingereza likaharakisha, kwa siku chache tu, sheria iliyoanza kutumika 1 Machi 1968. Mwenye pasipoti ya Uingereza asiyekuwa na uhusiano wa kuzaliwa, kuasiliwa au kusajiliwa huko, kupitia kwake mwenyewe, mzazi, babu au nyanya, akawekewa kizuizi. Kwa maneno mengine, babu aliingizwa katika sheria ile kama komeo. Sheria ya 1971, iliyoanza kutumika Januari 1973, ilimpa haki ya makazi mwenye mzazi mzaliwa wa Uingereza. Mjukuu akaachiwa kanuni za uhamiaji, na huko ndiko kibali cha leo kilikozaliwa.

Ningekuwa mimi ndiye mfasiri, ningekiita ‘kibali cha kazi cha mjukuu wa mzaliwa wa Uingereza’. Najua ni kirefu, na hakivutii kwenye bango. Lakini kingemwokoa mtu na shamba lake.

Na neno ‘viza’ je? Wengine huandika ‘visa’, lakini hivyo ni wingi wa kisa, na kumfanyia mtu visa ni kumchokoza. Afadhali ‘viza’, ingawa wanaofuga kuku wanajua kwamba yai viza ni lile lililoharibika, ambalo hata likilaliwa vipi haliangui kifaranga. Mama wa yule kijana alicheka nilipolitaja hilo. Mzee hakucheka.

Alikuwa bado ameishika ile picha. “Kwa hivyo baba alipigania watu ambao hawamhesabu?”

Sikuwa na jibu la sarufi. Nilimwambia ukweli nilioujua: kwamba kanuni ile inauliza alikozaliwa tu, na kwamba haikuandikwa kwa kumfikiria yeye. Akairudisha picha mfukoni taratibu.

Shamba halikukodishwa. Nusu ya ada iliyolipwa haijarudi, na simu ya ajenti haishikwi. Kijana sasa anatafuta njia nyingine ya kwenda majuu, kwa kazi yenye mwajiri anayejulikana, na nimemsihi aanze kwa kuthibitisha katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala wa kazi amesajiliwa.

Nawe msomaji, ukiletewa karatasi ya Kiswahili yenye ahadi kubwa, itafute ile ‘-a’ ndogo. Mwulize aliyeiandika: wa Uingereza kwa kuzaliwa, kwa uraia, au kwa kutumwa? Akibabaika, funga mkoba wako.