Filamu nne za kutazama nyumbani, na mazungumzo yanayokwepwa

Jumamosi usiku, baada ya chakula, sebule nyingi za mjini zinafanana. Runinga imewashwa lakini hakuna anayeitazama. Baba yuko kwenye simu, mama yuko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watoto wamejikunyata kila mmoja na video zake fupi. Dada wa kazi anachungulia akiwa amesimama mlangoni, sikio moja likiwa jikoni. Bibi aliyeletwa mjini kwa matibabu amesinzia kwenye kiti.

Katika nyumba ya namna hiyo kuna mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyataja. Ada ya muhula ujao haijapatikana. Dada hajalipwa mwezi wa pili. Bibi ameanza kuchanganya majina ya wajukuu. Binti mkubwa anachumbiwa na mtu asiyempenda.

Filamu haiwezi kulipa ada wala kumrudishia mzee kumbukumbu zake. Inachoweza ni kuliweka jambo mezani bila mtu wa nyumbani kunyooshewa kidole. Ni rahisi kumjadili baba wa Malawi kuliko kumjadili baba aliyekaa kwenye kochi.

Zipo filamu zinazoifaa kazi hiyo, ila hazitangazwi sana. Ni zile zinazotoka kwenye matamasha kama Sundance la Marekani, Cannes la Ufaransa, Venice la Italia, au ZIFF la Zanzibar. Nyingi huwa kazi za waongozaji wenye hadithi yao mahususi, wasiotegemea milio ya risasi wala magari yanayolipuka. Zamani zilikuwa zikionyeshwa tamashani kisha zinapotea. Siku hizi baadhi yake hununuliwa na huduma za kutazama filamu kwa intaneti.

Nne zilizochaguliwa hapa zote ziko Netflix, na zote zimetolewa kwa jina la kampuni hiyo. Jambo hilo lina faida kwa mtazamaji: filamu zilizokodiwa huondolewa mkataba unapokwisha, lakini zinazotolewa kwa jina la kampuni yenyewe kwa kawaida hubaki.

Ada na baiskeli ya baba

Ya kuanza nayo ni The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019, yaani mvulana aliyeutia upepo hatamu. Iliongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia anaigiza kama baba, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Sundance. Mvulana mwenyewe anaigizwa na Maxwell Simba, kijana wa Kenya.

Hadithi ni ya kweli. William Kamkwamba wa kijiji cha Wimbe, Malawi, aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Akiwa na miaka 14 alijisomea vitabu vya sayansi maktabani, akaunda kinu cha upepo kwa sehemu za baiskeli, feni ya trekta na nguzo za mikaratusi.

Wengi huichukulia kuwa filamu ya uvumbuzi, lakini kiini chake ni baba na mwana. Ili kinu kikamilike, William anaihitaji baiskeli ya baba yake, chombo pekee cha maana kilichobaki nyumbani. Baba anakataa kwa hasira. Mzazi yeyote aliyewahi kumwambia mtoto "hakuna hela" kwa sauti ya ukali, wakati moyoni alikuwa anaona aibu, ataielewa hasira hiyo. Anachoogopa baba huyu ni kuonekana ameshindwa mbele ya watoto wake.

Inawafaa watoto kuanzia miaka kumi hivi, ingawa wajiandae: njaa inaonyeshwa bila kufichwa, na mbwa wa William anakufa. Baada ya hapo, mzazi anaweza kueleza hali halisi ya ada ya nyumbani kwake. Mara nyingi watoto huwa wameshajua tayari, wakibaki kungoja kuambiwa.

Dada anayeinuliwa katikati

Roma ya mwaka 2018 ni ya Alfonso Cuarón wa Mexico. Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, kisha ikapata Oscar tatu, ikiwamo ya mwongozaji bora. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, na inakwenda taratibu. Dakika ishirini za mwanzo zinahitaji subira.

Inamhusu Cleo, msichana wa kazi katika nyumba ya daktari jijini Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anafua, anadeki, anawaamsha watoto kwa kuwaimbia na kuwalaza kwa sala. Cuarón aliitengeneza kwa kumkumbuka yaya aliyemlea yeye mwenyewe, na mwishoni ameitabaruku kwake. Yalitza Aparicio, aliyeigiza Cleo, alikuwa amesomea ualimu na hakuwahi kuigiza kabla ya hapo, lakini akateuliwa kuwania Oscar.

Kuna tukio fupi mwanzoni. Familia imekaa inatazama runinga, inacheka. Cleo anaketi chini pembeni yao na mtoto mmoja anamkumbatia begani. Kabla hajatulia, anatumwa jikoni kumletea bwana chai. Hakuna aliyemfokea wala kumtukana. Wanampenda, kwa namna yao. Lakini mtazamaji anaona wazi mpaka uliopo kati ya kupendwa na kuhesabiwa kuwa mtu wa familia.

Kwa nyumba yenye dada wa kazi, tukio hilo peke yake linatosha kuanzisha maswali. Anakula saa ngapi? Analala wapi? Siku yake ya mapumziko ni ipi? Mshahara wake unalipwa tarehe moja kila mwezi, au mpaka aombe? Akipata ujauzito, kama inavyomtokea Cleo, ataambiwa nini?

Hii ni ya watu wazima. Ina mwanamume anayeonekana mtupu, vurugu za mtaani, na tukio la uzazi linaloumiza sana. Mwanamke aliyewahi kupoteza mtoto aambiwe mapema ili achague mwenyewe.

Mzee anayesahau

Katika nyumba nyingi kutaja kifo cha mzazi aliye hai ni uchuro. Ndiyo maana Dick Johnson Is Dead ya mwaka 2020 inashtua kuanzia jina lake, linalosema Dick Johnson amekufa, ilhali yuko hai na anacheka.

Ni filamu ya hali halisi ya Kirsten Johnson wa Marekani kuhusu baba yake, daktari mstaafu wa magonjwa ya akili aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Mama yake Kirsten alishafariki baada ya kuugua Alzheimer, hivyo binti anajua safari inakoelekea. Anachofanya ni cha ajabu: anamwomba baba yake waigize vifo vyake, kimoja baada ya kingine, kwa vichekesho. Wanaigiza pia mbinguni. Wanaandaa hata ibada ya maziko kanisani, marafiki wanalia kweli, na mzee anasikiliza akiwa nyuma. Johnson alilelewa katika familia ya Wasabato isiyoruhusu watoto kwenda sinema, na imani hiyo inaonekana katika filamu yote. Sundance iliipa tuzo maalumu ya ubunifu.

Vichekesho hivyo vimebeba mambo ambayo familia za huku pia zinayafahamu. Mzee ananyang'anywa funguo za gari. Anahama nyumba aliyoishi miaka mingi ili akakae kwa mtoto. Anaamka usiku bila kujua yuko wapi. Binti anachoka, anakasirika, kisha anajilaumu.

Wapo watakaoona si adabu kufanyia kifo mzaha, na wana haki yao. Hata hivyo, anayeitazama hadi mwisho anakutana na swali ambalo ndugu wengi huliuliza wakiwa wamechelewa: mzee mwenyewe anataka nini? Nani atasimamia dawa zake? Hati ya shamba iko wapi? Angependa kuzikwa wapi? Maswali hayo huulizwa wakati bado anaweza kuyajibu. Vijana wa sekondari wanaweza kuitazama, ingawa ina damu ya kuigiza.

Binti, mchumba na bahari

Atlantique ya Mati Diop ilipata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, katika tamasha la Cannes mwaka 2019. Diop alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza filamu iliyoshindania tuzo kuu ya tamasha hilo. Wahusika wanazungumza Kiwolofu, na mahali ni Dakar, Senegal.

Ada ameposwa na tajiri Omar, lakini moyo wake uko kwa Souleiman, fundi ujenzi ambaye yeye na wenzake hawajalipwa kwa miezi kadhaa. Usiku mmoja vijana hao wanapanda mashua kwenda kutafuta maisha Hispania. Wasichana wanabaki ufukweni. Kisha mambo ya kutisha yanaanza: walioondoka wanarudi kama roho, wakiwapanda mabinti wa mtaa na kwenda kumdai tajiri mishahara yao.

Mtazamaji wa Pwani hatahitaji maelezo marefu kuhusu mtu kupandwa na roho. Kitakachogusa zaidi ni jinsi kila mtu anavyomwamulia Ada. Wazazi wanaona nyumba nzuri, marafiki wanaona kitanda cha thamani, na anapotiliwa shaka anapelekwa kupimwa ubikira. Swali la anachotaka yeye haliulizwi. Wazazi wenye vijana waliokwenda kutafuta kazi Oman au Saudi Arabia nao watayatambua macho ya wanaosubiri simu. Inawafaa wenye miaka 16 na kuendelea.

Za nyumbani pia zipo

Filamu za Afrika Mashariki nazo zimefika mbali. Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, iliyoonyeshwa tamasha la Berlin mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana mgonjwa asiye na siku nyingi, ambaye kijiji kizima kinashirikiana kumfanya shujaa. The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, inasimulia kuhusu bibi wa Pwani ya Kenya anayetuhumiwa uchawi huku ardhi ikinyemelewa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021. Hizi huhama kutoka huduma moja kwenda nyingine, hivyo ni vyema kutafuta kwa jina.

Kabla ya kubonyeza

Bando ni jambo la kuangalia. Kwa ubora wa HD, saa moja inaweza kula hadi GB 3, hivyo ni nafuu kushusha ubora kwenye mipangilio, au kupakua filamu kwenye simu mahali penye Wi-Fi. Maandishi ya tafsiri mara nyingi huwa ya Kiingereza. Kwa ajili ya bibi, kijana mmoja apewe kazi ya kumtafsiria kwa sauti, kama alivyofanya Lufufu kwenye mabanda ya video na DJ Afro nchini Kenya. Watoto huifurahia kazi hiyo kuliko wazazi wanavyodhani.

Mzazi aitazame kwanza peke yake ile yenye mambo ya watu wazima. Ikiisha, runinga izimwe kwa dakika kumi, na simu zibaki mezani.

Na chai ichemshwe mapema, iwekwe kwenye chupa pale sebuleni pamoja na vikombe, ili dada naye akae kwenye kiti na asiinuliwe katikati ya filamu.