Horohoro: Kompyuta zipo, ujuzi bado umo vichwani

MACHUNGWA ya Muheza hayana subira. Mzigo ukilala mpakani siku mbili juani huku karatasi zikitafutwa, thamani yake huanza kushuka kabla haujafika sokoni Mombasa. Kwa sababu hiyo, kwa wafanyabiashara wanaopitia Horohoro mkoani Tanga, taarifa sahihi ni sehemu ya mtaji, sawa na fedha ya kununulia mzigo na ya kukodi lori.

Barabara si kilio kikubwa tena. Kilometa 65 kutoka Tanga hadi Horohoro zimejengwa kwa lami kwa fedha za Marekani, chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa Februari 2008. Kazi iliyobaki ni ya kuhakikisha kuwa taarifa za mzigo zinakwenda kasi kama lori lenyewe.

Upande wa mitambo, hatua zimepigwa. Mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kutumia mfumo wa TANCIS, uliotengenezwa kwa ushirikiano na forodha ya Korea Kusini. Kenya nayo iliingiza mfumo wa Simba mwaka 2005, wenye asili ya Senegal, na baadaye ikaubadilisha. Mifumo hiyo ilizaliwa mbali mbali, na ilibidi ifundishwe kupeana taarifa pale Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki lilipoanza kutekelezwa mwaka 2014. Chini ya utaratibu huo, tamko la forodha hupelekwa nchi ya mwisho wa safari kabla mzigo haujaondoka.

Aidha, Sheria ya Afrika Mashariki ya Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mpakani ya mwaka 2016 imewakutanisha maofisa wa nchi mbili katika jengo moja. Lori husimama mara moja tu, katika nchi linakoingia. Mzigo wa Tanzania unaokwenda Kenya hushughulikiwa Lunga Lunga, na ule unaotoka Kenya hushughulikiwa Horohoro.

Hata hivyo, kompyuta hupokea kile inachoambiwa. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Kijapani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walitoa kitabu kilichotenganisha aina mbili za ujuzi katika kampuni: ule unaoandikika, na ule ambao mtu huupata kwa kutenda na kubaki nao kichwani. Mpakani aina zote mbili zinahitajika. Fomu imo ndani ya mashine, lakini namba ipi ya ushuru inaufaa mzigo mchanganyiko, cheti kipi kitangulie na ofisi ipi ionwe kwanza, mara nyingi hujulikana na wakala mzoefu au ofisa wa siku nyingi. Ofisa akihamishwa, au wakala akihama kampuni, ujuzi huo huondoka naye.

Nao ujuzi wa kukariri huchakaa. Tangu Umoja wa Forodha uanze kazi Januari 2005, mawakala walizoea viwango vitatu vya ushuru wa pamoja: sifuri, asilimia 10 na asilimia 25. Julai 1, 2022 kiliongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35. Kampuni ambayo mabadiliko hayo yalibaki kwa mtu mmoja bila kuandikwa, ilikuwa likizo moja tu mbali na kumkadiria mteja gharama zisizo sahihi.

Somo kali zaidi lilitokana na mahindi. Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku tano baadaye ilifungua tena, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni, na ionyeshwe wilaya yalikolimwa mahindi hayo. Sharti hilo la mwisho halitimiziki kwa kompyuta ya mpakani. Jibu lake hupatikana siku ya kununua, ghalani, kwa yule aliyeandika kila gunia limetoka wapi. Aliyechanganya magunia ya wilaya tatu bila kuandika alifika na mahindi, lakini hakufika na taarifa zake.

Kwa mfanyabiashara mdogo, pengo la taarifa ni la gharama zaidi. Bidhaa za asili ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa hapo hapo mpakani, bila kutozwa ushuru wa forodha. Mazao bado yanahitaji ukaguzi wa afya ya mimea. Mama muuza matunda asiyejua haki hiyo huishia kumlipa mtu wa kati, au kuufuata mzigo katika njia za panya ambako akikamatwa hupoteza vyote.

Tovuti za taarifa za biashara za Tanzania na Kenya zinaeleza hatua za kuingiza na kutoa bidhaa. Zinasaidia, ila haziwezi kuandika yale yanayojifunzwa kila siku dirishani.

Kazi hiyo ni ya kampuni zenyewe, na haihitaji mtambo wa bei kubwa. Daftari moja ofisini, au jedwali moja katika kompyuta, linatosha kuanzia: mzigo gani, namba gani ya ushuru ilikubaliwa, cheti gani kilidaiwa, ulichelewa wapi na kwa nini. Wakala mpya alisome kabla ya kukabidhiwa faili la kwanza, na anayeondoka asiage kabla ya kuandika anayoyajua.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa Horohoro, hata ujuzi ni mali, na daftari lake katika ofisi nyingi bado halijafunguliwa.