Chombo Gani Kitakutoa Kwenye Matope?

Mkulima, kama shamba lako liko kwenye skimu za Kinangop au Ol Kalou, huna haja ya kuelezwa matope ni kitu gani. Mwezi wa Aprili lori la maziwa huishia kwenye barabara ya changarawe, na maziwa yako yangali nyumbani, kilometa mbili huku ndani. Siku hizi kuna vyombo vya namna nyingi vya kukuondolea shida hiyo, na wengi huja ofisini kwetu kuuliza kipi kinafaa.

Kwanza pima mzigo. Maziwa ya mkebe wa lita 20 yana uzito wa kilo 20 na kidogo zaidi. Gunia la viazi, kwa kanuni za mwaka 2019, lisizidi kilo 50. Basi mikebe mitatu na magunia manne ni kama kilo 260, bila kuhesabu mikebe yenyewe wala dereva. Andika hesabu yako, kisha tembea njia yako siku ya mvua, utazame magurudumu ya lori yamechimba wapi.

Pikipiki ya magurudumu matatu hubeba mzigo huo, na fundi yeyote wa sokoni anaijua. Kwenye changarawe ni nzuri. Lakini gurudumu lake la mbele hupita katikati ya mifereji miwili ya lori, penye tuta la matope, likazama. Mkulima mmoja alikopa fedha akanunua ya namna hiyo mwezi wa Februari, njia ikiwa kavu. Aprili ilikwama siku nne mfululizo. Maziwa yakachacha, na mkopo haukungoja jua.

Pikipiki ya magurudumu manne ndiyo inayosifiwa sana. Huko Kanada na Marekani hufungwa ubao wa chuma mbele na minyororo kwenye matairi, ikasukuma theluji mlangoni. Matairi yake mapana hayazami upesi. Hata hivyo ni nyepesi, nyingi zimeundwa kwa mtu mmoja tu, na gurudumu moja likiingia mferejini hupinduka na kumlalia dereva. Australia watu wengi wamekufa hivyo, hata tangu Oktoba 2021 zile mpya za kazi ziuzwazo huko lazima ziwe na chuma cha kumkinga dereva. Usimpe mtoto aiendeshe, wala usimpakie mama nyuma kwenda sokoni.

Tena kumbuka sisi tuko juu, karibu meta 2,400 au zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu robo ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Mimi mwenyewe, kwa njia ya matope, ningechagua trekta ndogo ya kushikwa mikono, ya dizeli, pamoja na tela lake. Huenda polepole, lakini hulima na kupiga maji pia, na unaweza kuivika magurudumu ya chuma. Ina hila moja tu ambayo yafaa uijue kabla haijakuvunja mguu. Kwenye tambarare, ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto haliendeshwi tena, na trekta hugeuka kushoto. Ukiteremka na tela limejaa, tela ndilo linaloisukuma trekta, na injini ndiyo inayozuia magurudumu. Ukibana klachi ile ile, gurudumu la kushoto huachiliwa likakimbia, na trekta hugeuka kulia! Kwa hiyo tia gia ndogo ungali kileleni, usiibadilishe njiani, usiguse klachi za kugeuzia, igeuze kwa kusukuma mikono yake, na tumia breki ya tela. Tela lisilo na breki usilinunue hata likiwa rahisi.

Mwenye mikebe miwili tu asikope. Punda wawili na mkokoteni wa matairi wataifanya kazi hiyo kwa majani.

Ukishaamua, mwambie muuzaji alete chombo langoni kwako baada ya mvua. Kukijaribu kwenye lami ya mjini hakufai. Pakia mzigo wote ulioandika, kiteremke mpaka mtoni na kupanda tena. Uliza bei ya klachi, na duka la karibu lenye spea zake liko wapi. Akikataa kuja, mwendee mwingine.