Arusi ya simu na mbuzi watatu

"Mbuzi haji kwa simu." Maneno hayo aliyasema mzee mmoja wa Kikamba, nje kidogo ya mji wa Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, baada ya mpwa wangu kumweleza kwa adabu zote kwamba thamani ya mbuzi watatu ingeweza kutumwa pale pale tulipokaa chini ya mwembe, naye akaipokea kabla ya kumaliza chai yake. Mzee aliitazama simu ya kijana, akanitazama na mimi niliyekuja naye, kisha akayarudia maneno yale polepole, kama mwalimu wa chuoni amrudishiaye mwanafunzi herufi aliyoikosea.

Ndugu msomaji, nisikutupe katikati ya habari bila ya kukueleza mwanzo wake. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni kijana wa Mombasa. Alijuana na binti wa Kitui walipokuwa wakisoma. Binti akasilimu kwa hiari yake, na miaka miwili baadaye ikapelekwa posa. Baba yake alikwisha fariki. Mama yake yuko Kitui mjini, na babu yake mzaa baba ndiye huyo mzee wa Kibwezi. Sisi tuko Mombasa, dada yake bwana arusi yuko Maskati, na jamaa wengine wametapakaa toka Lamu hadi Nairobi. Arusi ya namna hii zamani ingetaka barua za miezi na mtu wa kutumwa kila wiki. Vijana wakaniambia, "Mjomba, usitaabike, yote yatakwenda mtandaoni." Basi nikafanywa mwenyekiti wa kamati, cheo ambacho siku hizi maana yake ni kutiwa katika kundi la WhatsApp na simu yako kulia usiku kucha.

Nami nakiri kuwa mengi yalikwenda, tena vizuri. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ndiyo mfuko wa arusi wa Kenya nzima leo, na sisi pia michango yetu ilipita humo. Kuna na M-Changa, huduma iliyozaliwa hapa hapa Kenya mwaka 2012, ambayo humfungulia mwenye shughuli ukurasa wake wa mchango na kuweka hesabu ya kila kiingiacho. Kamati ya ndugu wa tumbo moja haina haja nayo sana. Lakini kamati iliyochanganya watu wa kazini, wa mtaani na wa ng'ambo yafaa iwe nayo, kwani mweka hazina hapati fedha za watu zikakaa pamoja na zake za sokoni, na fitina nyingi za baada ya arusi huanzia hapo.

Leso tuliziagiza Mtaa wa Biashara bila ya mtu kuvuka mlango wa nyumba yake. Picha za mji na pindo zilitujia kwa simu, wanawake wakabishana siku tatu juu ya rangi, na mimi nikaombwa jina la leso kwa kuwa najulikana kwa kutunga. Nikaandika: "Njia ni ndefu, nia imefika." Dada yangu alisema maneno ni mazuri ila herufi zimekuwa ndogo.

Lililonifurahisha zaidi ni vyondo. Wanawake wa Makueni na Kitui ni mafundi wa kusuka vyondo vya katani, na vikundi vyao siku hizi hupiga picha kazi zao na kuzionyesha mtandaoni. Bibi arusi aliagiza 40 vidogo, kila kimoja kitiwe tende na kichupa cha asali ya Mwingi kwa ajili ya wageni. Fedha zilimfikia msukaji mwenyewe kwa simu yake, bila ya dalali wa barabarani kumega. Nimehudhuria arusi nyingi za mjini ambako mgeni hupewa kisanduku cha karatasi kilichotoka mbali, akakitupa kabla hajafika nyumbani. Chondo changu mimi kinabeba dawa zangu mpaka leo.

Safari nayo ilikuwa nyepesi. Reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ina treni isimamayo vituo vya kati, na tiketi hukatwa kwa simu. Mtu huteremka Kibwezi, kisha akashika barabara ya lami ipitayo Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Wazee wetu waliijua njia ya bara kwa miguu. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikileta pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, na hata leo Makueni hiyo hiyo ina mji uitwao Sultan Hamud, kwa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Unguja toka 1896 hadi 1902. Kwa hiyo asiniambie mtu kuwa tumekwenda kuoa ugenini.

Sasa nije kwenye yaliyonikera. La kwanza ni orodha. Kila asubuhi mweka hazina wetu, kijana mwema asiye na nia mbaya, aliibandika katika kundi orodha ya waliochanga na kiasi walichotoa, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Juu kabisa palikuwa na mtu wa shilingi 20,000. Chini kabisa palikuwa na binamu yangu mmoja, mvuvi, mwenye shilingi 200. Siku ya nne tukaona maandishi madogo ya kijivu yakisema binamu ametoka kundini. Hakugombana na mtu wala hakuandika neno. Nilimfuata kwake jioni, nikamkuta akishona wavu, akaniambia, "Nimetoa nilichonacho, sikutoa nisomwe." Tangu siku hiyo nikaamuru orodha isibandikwe tena, na kila mtu ashukuriwe peke yake, kwa siri. Wako walionilalamikia kwamba bila ya orodha watu hawatachanga. Kweli, mchango ulipungua kidogo. Tukapunguza hema moja.

La pili ni hema zenyewe. Tuliona mtandaoni picha za mpambaji aliyejinasibu kuwa yuko Kitui, mapambo yake kama ya kasri, bei yake ya huruma. Tukatuma arubuni ya shilingi 25,000 kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Kesho yake nambari haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Mama yake binti alipoonyeshwa zile picha alicheka kwa uchungu, akasema ukumbi ule hauko Kitui wala Makueni, na bahari ilionekana dirishani! Sisi watu wa pwani tuliitazama bahari tusiione. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, nasi tulisoma jina la mtu tusiyemjua na bado tukabonyeza. Baada ya hapo tulishika kanuni moja: hatulipi mpaka mtu wetu wa Kitui aende akaishike turubai kwa mkono, na malipo yaende kwa nambari ya biashara yenye jina la biashara ile ile. Alipatikana mpambaji wa karibu na soko la Kitui, hana picha hata moja mtandaoni, akafanya kazi safi.

La tatu ni kadi. Kwetu pwani mwaliko ulikuwa na miguu. Wanawake walipita nyumba kwa nyumba wakipiga hodi, na asiyefuatwa nyumbani alihesabu kuwa hakualikwa. Siku hizi kadi ni picha ya simu, hainunuliwi wala haipotei njiani, na kwa vijana nimeikubali. Lakini babu wa Kibwezi ana simu ya vitufe isiyofungua picha. Lau si bibi arusi kuuliza, "Na umau amealikwa na nani?" (ndivyo Wakamba wamwitavyo babu), tungeoa mjukuu wake naye akasikia kwa majirani. Ndiyo maana mimi na mpwa wangu tukapanda treni, na ndiyo maana tukajikuta chini ya ule mwembe.

Mbuzi aliowataka mzee ndio waitwao ntheo. Kwa Wakamba mahari yaweza kukaa miaka ikilipwa kidogo kidogo, na siku hizi sehemu kubwa yake huhesabiwa kwa mbuzi lakini hulipwa kwa fedha. Ntheo ni jambo jingine. Hao hufika kwa miguu yao, wakaonwa na wazee, beberu akachinjwa na nyama ikaliwa na pande mbili, na kuanzia hapo binti huhesabiwa mke wa watu. Mpwa wangu aliona ni ukaidi wa uzee. Mimi nikamwuliza mzee sababu.

Akatuhadithia kwa sauti ya chini. Mwanawe, baba yake binti, alipofariki na shamba likawa lagawanywa, baadhi ya jamaa walisema yule mjane hakuwa mke, aliishi na marehemu tu. Mama wa watu hakuwa na cheti chochote. Ndoa yao ilikuwa ya kimila, na wakati ule ndoa ya kimila haikuandikwa popote. Kesi ikaenda miaka. Mwisho aliyemwokoa ni mkwewe huyu huyu, aliyesimama mahakamani akasema: mbuzi wa ntheo niliwafikisha Kitui mimi mwenyewe, wawili majike na mmoja beberu, na waliokula wako hai, waiteni. Wakaitwa. Mjane akapata haki yake na ya mwanawe.

Nilipochunguza nikaona mzee hakuwa akisema hadithi ya nyumba yake peke yake. Katika kesi za mirathi za Wakamba, mahakama za Kenya zimekuwa zikiuliza swali hilo hilo: je, ntheo ilitolewa, na nani aliiona? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ndiyo iliyoleta kwamba ndoa ya kimila nayo iandikishwe, na uandikishaji wenyewe ukaanza tarehe 1 Agosti 2017. Maombi huanzia mtandaoni, katika eCitizen, mlango wa serikali wa huduma za simu na kompyuta. Lakini sheria inataka mume na mke wafike wenyewe mbele ya msajili ndipo wapewe cheti. Kwa maoni yangu hii ndiyo huduma yenye manufaa kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo isiyopigiwa debe na mtu. Katika kundi letu la WhatsApp lenye watu 112 tulizungumza rangi ya leso siku tatu. Habari ya cheti haikutajwa hata mara moja.

Sisi Waislamu tusijione tumesalimika. Sheria hiyo inamtaka kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa aandike habari za ndoa, awape wenyewe cheti, na apeleke kumbukumbu kwa Msajili. Ni wangapi kati yetu walioozwa sebuleni, fatiha ikasomwa, biriani ikaliwa, na karatasi ikaachwa kwa kesho?

Dada yake bwana arusi alipendekeza toka Maskati kuwa akidi nayo ifungwe kwa simu ya picha, ili naye awepo. Nikamweleza kuwa kutazama atatazama, ila kufungwa hakufungwi hivyo. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilikubali mikataba ya biashara kwa simu na mitambo ya kisasa, lakini likaitoa nikahi kwa sababu ya mashahidi. Bibi arusi hakuwa na walii Mwislamu katika ukoo wake, kwa hiyo kadhi ndiye aliyesimama kuwa walii wake. Hata hivyo mpwa wangu hakukubali kukaa mbele ya kadhi kabla ya babu kuridhika. Nami sikuona dhambi katika ntheo. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, ilitajwa na kutolewa mkononi mwake. Mbuzi wa wazee ni hidaya na desturi, na desturi isiyovunja sharia haina wa kuikataza. Lililobaki ni kuchinja, na hapo mzee alitushinda kwa uungwana. Alisema mchinjaji awe Mwislamu ili wote tule sahani moja, na ile pombe ya asali iitwayo uki, ambayo huandamana na shughuli hizo, haikuonekana. Tulikunywa chai.

Basi mbuzi watatu walinunuliwa Kibwezi kwa miguu minne kila mmoja. Aliyewaswaga hadi kwa mzee ni binamu yangu mvuvi. Nilimwomba aje kuwa shahidi, akaja na gunia la nazi kutoka pwani, naye ndiye aliyechinja. Jioni ile mweka hazina aliandika katika kundi kwamba nazi zimefika. Hakuandika ngapi.

Wiki iliyofuata akidi ilifungwa Kitui mjini, msikitini, baada ya swala ya adhuhuri. Dada mtu alitazama toka Maskati hadi mtandao ulipokatika katikati ya khutba. Vijana walipiga picha zisizo idadi. Kadhi alipomaliza kuandika, cheti kikapita mkono hata mkono, kikatoka nje hadi kwa wanawake, kikamfikia mama yake binti. Yeye hakukipiga picha. Alikisoma jina kwa jina, akakikunja taratibu, akakitia ndani ya chondo chake, kisha akamtuma mtoto kuniuliza kama ipo nakala ya pili.