Hodi kwenye Mpaka

“Mjomba, kwenye gemu nikipitisha jeshi langu katika nchi ya jirani, mbona anakasirika? Mimi napita tu!”

Swali zuri hilo, mpwa wangu. Zuri sana. Sogea karibu, na wenzako nao wasogee.

Gemu unayoisema ni ya zamu. Wewe unacheza, unasubiri. Mwenzako anacheza, anasubiri. Michezo ya namna hiyo si migeni kwetu, maana hata bao ni mchezo wa zamu. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, akilicheza na wazee nyumbani kwao Butiama, si mbali na hapa Kiabakari. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Safu mbili zako, safu mbili zake, na katikati ndio mpaka. Lakini wachezaji wa bao ni wawili tu, na kazi yao ni kulana kete. Hakuna wa tatu wa kuwasuluhisha. Gemu kama Civilization ina nchi nyingi, na nchi zikiwa nyingi lazima ziwe na diplomasia.

“Diplomasia ndiyo nini, mjomba?”

Fikiria ua wa jirani. Unapiga hodi, anakukaribisha, unapita. Usipopiga hodi, atakuuliza unakwenda wapi. Ukiingia na panga mkononi, hakuulizi tena. Anapiga yowe! Diplomasia ni hodi na karibu baina ya nchi na nchi.

Sasa twende Sirari. Basi la kutoka Mwanza hupita hapa Kiabakari, likavuka Mto Mara pale Kirumi, likapita Tarime, likafika mpakani. Ng'ambo ni Isebania, nchini Kenya. Leo nguzo ya mpaka itasema nasi. Haya, nguzo, sema!

“Mimi ni nguzo. Sina miguu, sina bunduki. Mstari wangu walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Ulitoka pwani, ukapinda kuupisha Mlima Kilimanjaro, ukaja hadi Ziwa Viktoria. Wakurya, wenyeji wa hapa, hawakuulizwa. Shangazi akabaki upande huu, mpwa wake akabaki upande ule. Mwaka 1964, huko Cairo, nchi huru za Afrika zilikubaliana kuiheshimu mipaka ziliyoikuta siku ya uhuru, na Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitaka jambo hilo. Nikasema, sasa nitatulia. Kumbe bado! Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Ndege, reli na bandari za pamoja zikawa za kugombaniwa. Mwezi wa Februari Tanzania ikanifunga. Nikafungwa hadi Novemba 1983.”

“Nguzo, kulikuwa na vita?”

“Hapakuwa na vita, mtoto. Ila njia ilifungwa, na kufungwa kwa njia kunaumiza pande zote mbili.”

“Nani alikufungua?”

“Mazungumzo. Mswisi mmoja, Victor Umbricht, aliketi na Kenya, Uganda na Tanzania, mwaka baada ya mwaka, kugawanya mali na madeni ya Jumuiya. Marais watatu wakakutana Arusha, na mimi nikafunguliwa.”

Asante, nguzo. Umesikia, mpwa wangu? Hebu tulirudie jeshi lako.

Katika Civilization V, gemu ya mwaka 2010, unaweza kumwomba jirani afungue mipaka. Akikubali, mkataba hudumu zamu 30 kwa kasi ya kawaida, na askari wako hupita. Zikiisha, askari waliobaki ndani huhamishwa nje mara moja. Ni kanuni nzuri, lakini mimi hainitoshi. Mama anayevuka Sirari na ndizi zake si sawa na kifaru cha vita! Mkataba wa mfanyabiashara uwe wake, wa askari uwe wake. Mwaka 1972, huko Mogadishu, Tanzania na Uganda zilikubaliana kila moja iyarudishe majeshi yake nyuma, walau kilomita 10 kutoka mpakani. Kanuni hiyo ningeitia kwenye kila gemu: askari akae mbali, mwenye ndizi apite.

“Na anayevunja mkataba, mjomba?”

Kumbukumbu ibaki. Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera, Tanzania, Oktoba 1978, majeshi ya Tanzania yalimtoa, na Aprili 1979 yakaingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kwenye gemu nyingine jirani husamehe upesi mno, hasa ukimpa dhahabu. Hilo silipendi. Mvunja mkataba akiomba tena njia, wote wakumbuke, hata majirani ambao hawakuguswa. Naye anayefunga mpaka hazina yake ipungue, si ya jirani peke yake.

Lakini ninachokitaka kuliko vyote ni yule wa tatu, msuluhishi. Gemu nyingi zinakupa njia ya kupigana, ya kununua, ya kuungana na mwenzako mkampige mwingine. Nafasi ya kukaa katikati ya wawili wanaogombana haimo, au ni finyu. Nyerere mwenyewe alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi pale Arusha hadi alipofariki mwaka 1999. Kazi kubwa kama hiyo ikose nafasi kwenye gemu?

“Mjomba, msuluhishi akifanikiwa apewe nini?”

Ehe! Hapo umeuliza kama mtengeneza gemu. Apewe pointi, tena nyingi kuliko za kuteka mji. Ila asizipate kwa kubonyeza mara moja. Zamu hii wagome wote wawili. Zamu ya pili mmoja akubali, mwingine akatae. Umbricht alianza kazi yake mpaka ukiwa umefungwa, na miaka ikapita kabla haujafunguliwa. Kwa hiyo mpe zamu za kutosha, mpwa wangu, na umwache aombe nyingine.