Fremu na Sahani ya Wali Kariakoo

Kariakoo, kitovu cha biashara cha Dar es Salaam, thamani ya nyumba hupimwa zaidi kwa fremu zake, yaani vyumba vya duka vinavyofunguka moja kwa moja mtaani, kuliko kwa idadi ya watu wanaoweza kulala ndani. Eneo hilo, lililopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lilijaa zamani nyumba za Kiswahili: vyumba vitatu kila upande wa ukumbi mrefu ulioanzia barazani na kuishia uani, penye jiko na choo. Chumba cha mbele ndicho kilichotobolewa mlango wa nje kwanza, na kwa kuwa kodi yake iliishinda ile ya vyumba vya nyuma, wenye nyumba walijifunza hesabu ambayo hatimaye ilizibomoa nyumba zenyewe.

Biashara ilipolegezewa masharti katikati ya miaka ya 1980 na bidhaa za nje zikamiminika, mwenye kiwanja asiye na mtaji aliingia ubia na mfanyabiashara aliye nao, ghorofa likasimama, nao wakagawana orofa kwa mkataba. Orofa ya chini, iliyo tamu kuliko zote, hukatwa vipande vidogo vidogo. Mpangaji hutakiwa kulipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, humpa dalali chake, na pengine hudaiwa kilemba, malipo ya kuingilia yasiyohesabiwa katika kodi. Neno hilo, ambalo kwa mila hutaja heshima anayopewa fundi au mwalimu, hapa limebaki na fedha bila ya heshima.

Mabadiliko hayo huonekana wazi zaidi katika chakula. Mama lishe, aliyeitwa pia mama ntilie kutokana na ombi la mteja, “mama, nitilie”, alipikia uani na kuwalisha wabeba mizigo na vijana wa madukani wali kwa maharage au ugali kwa samaki. Ua ulipomezwa na ghorofa, jiko lilikosa pa kukaa. Wengine hupika kwao alfajiri na kuja na vyakula ndani ya mahotipoti, kisha husambaza sahani duka kwa duka na kukusanya fedha jioni, na bei huwa nafuu kwa sababu sahani hiyo haibebi kodi ya fremu. Chipsi, kwa upande wake, huhitaji karai, kabati la kioo na nafasi ya mtu mmoja kusimama, na mteja hula akitembea. Wali hudai benchi, na benchi ni eneo linalolipiwa. Ladha pekee, basi, haitoshi kueleza kuenea kwa chipsi mayai.

Usiku, milango ya maduka inapofungwa, vizingiti vyake hugeuka sehemu za mishkaki, supu na chapati. Mpango wa kufanya biashara kwa saa 24 Kariakoo, uliozinduliwa mwaka 2025, unagusa nafasi hiyo hiyo, kwa kuwa duka lisilofungwa halina kizingiti cha kuazima.