Boneti ni Mbele, Buti ni Nyuma

Msomaji mpenzi, utacheka, lakini mimi nilikaribia kumtia mjomba wangu hasarani kwa kutojua jina la kifuniko cha gari.

Ilikuwa mwaka 1978. Nilitoka Mombasa baada ya Idi, kijana niliyezoea madrasa na ufukwe wa bahari, nikaenda kukaa na mjomba huko Mbololo, karibu na Voi, mwendo wa kilomita 150 hivi. Mbololo una mlima wenye msitu kileleni, na huko chini vumbi jekundu huingia hata masikioni. Mjomba alikuwa na Peugeot 404 ya kubebea abiria.

Siku moja tukielekea Voi alisimama kupisha mbuzi. Lori likatupiga kwa nyuma. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Mjomba akabaki na gari, mimi na dereva wa lori tukaenda kutoa habari polisi. Askari akaniuliza gari letu limeumia wapi. Nikajibu kifua mbele: "Boneti, bwana. Imebonyea yote."

Hesabu yangu ilikuwa hivi: buti ni kiatu, na mwenye kutembea hutanguliza mguu, basi buti lazima iwe mbele, na boneti nyuma. Dereva wa lori akanyamaza kimya. Ikaandikwa kwamba sisi ndio tuliogonga!

Bahati njema askari alikuja kujionea. Akaikuta boneti inang'aa kama sinia la harusi. "Hii ndiyo iliyobonyea?" Nilitamani ardhi inimeze. Maandishi yakasahihishwa.

Mjomba hakunigombeza. Siku ya pili alinipeleka kwa fundi wa bodi, mzee wa Kitaita, akamwambia: "Mzee, nifundishie mpwa wangu huyu gari. Nje tu, ndani bado hajafika."

Fundi yule alinifumba macho kwa kitambaa, akanishika mkono akanizungusha gari zima. "Hii?" Bampa. "Hii?" Taa kubwa. "Na hii?" Nikasema madigadi. "Hapana, moja ni digadi." Jambo hili lanichekesha hata leo. Mwingereza hulitaja neno hilo kwa "ma" hata akiwa na kimoja, lakini sikio la Mswahili liliisikia ile "ma" kama ya madirisha, likaikata: digadi moja, madigadi mawili. Ndivyo pia tulivyopata kipilefti kimoja na vipilefti vingi, na Mwingereza mwenyewe hana habari.

Kuhusu boneti na buti, baadaye nilikuja kujua kwamba boneti kwa Waingereza ni kofia ya kike, nayo buti lilikuwa jina la sanduku la mizigo katika magari ya kukokotwa na farasi. Kofia mbele, sanduku nyuma. Wamarekani, ingawa lugha yao ni hiyo hiyo, wana majina mengine kabisa. Basi mimi mtoto wa Mombasa ningejuaje?

Tukafika kwenye kioo cha mbele na waipa zake. Mkono wangu ukapenya dirishani ukagusa usukani. Hapo nikavimba kichwa: "Hili ni letu, mzee. Usukani ni wa chombo cha baharini, ndio unaokielekeza. Magari yamelikuta jina tayari." Mzee akacheka sana. "Kumbe humu ndani watu wa pwani mna kitu chenu!" Kisha akanirudisha nje, kwenye vitasa, kifuniko cha tangi, indiketa, bomba la moshi.

Siku ya tatu nililizunguka gari bila kukosea hata mara moja. Mjomba alikuwa amesimama kando, ameshika funguo.

"Haya, lori lilitupiga wapi?"

"Buti, mjomba. Na bampa la nyuma, na taa ya kushoto."

"Ehe," akasema. "Panda twende."